Turubai Limeganda

Saima Kangas aliiona pikapu kabla hajaliona trela, na moyo ukamlipuka kabla akili haijaelewa kwa nini. Wiki saba nzima pikapu ile ilikuwa ikiegeshwa kando ya rundo la mbao, pua yake ikitazama barabarani. Leo ilikuwa imerudishwa kinyumenyume mpaka kwenye trela, na trela limekwisha fungwa nyuma yake, pamoja na mnyororo wake. Mtu hafungi trela kwenye gari ili alale.

Alisimama kwenye theluji iliyomfika magotini, mfuko wa chakula mkononi, akihema. Gari lake mwenyewe alikuwa ameliacha mwendo wa dakika ishirini nyuma, limeteleza na kulalia ubavu mtaroni. Shule anakopika ilifungwa saa sita mchana kwa sababu ya dhoruba iliyokuwa ikitoka ziwani, na badala ya kwenda nyumbani kwa baba yake kama mtu mwenye akili zake, alikuja huku. Alijiambia anataka tu kuhakikisha kwamba Harlan, mchumba wake, ana gesi ya kutosha. Alijiambia hivyo njia nzima, huku maji ya theluji yakimwingia viatuni na kifua kikianza kumbana.

Harlan Stidham alikuwa juu ya ngazi, anasukuma theluji kwenye paa la trela kwa ufagio. Alipogeuka na kumwona, hakutabasamu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

"Umefikaje?" aliuliza.

"Kwa miguu. Unakwenda wapi, Harlan?"

Harlan alishuka ngazi polepole, akautua ufagio, akamshika mkono na kumwingiza ndani. Mkono wake ulikuwa wa baridi kupita wa Saima.

Trela lenyewe halikuwa kitu cha kumlazia mtu mwezi wa Novemba kwenye pwani ya Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani. Lilikuwa la kukunja. Likikunjwa ni sanduku tu la kuburuta. Ukizungusha mkono wa chuma paa linainuka, vitanda viwili vinachomoza huku na huku kama droo, na kilichobaki kati ya mtu na dunia ni turubai. Harlan alikuwa amepigana na baridi kwa kila alichojua. Chini ya magodoro alitandaza karatasi nene zinazong'aa kama fedha, madirishani akabandika nailoni, kwenye kila upenyo akasokomeza matambara. Kuna hita ndogo ya gesi iliyojengewa ukutani, yenye feni inayotumia betri, na ilipokuwa ikinguruma usiku Saima alikuwa akisema inakoroma kama marehemu babu yake. Walikuwa wakicheka. Wiki tatu zilizopita walikuwa bado wanacheka.

Leo alitazama huku na huku na kuona sufuria zimepangwa ndani ya sanduku. Vyombo vya useremala vimefungwa kamba.

"Ulitaka kuondoka bila kuniambia," alisema.

"Ningekupigia simu."

"Kutoka wapi?"

"Kentucky, kwetu." Aliliinamia jiko akiwasha moto wa chai, amempa mgongo. "Vua viatu, Saima. Soksi zimelowa. Vua kwanza, halafu utanitukana."

Alivua, si kwa kutii bali kwa sababu vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Harlan akapiga magoti, akaichukua miguu yake na kuiingiza ndani ya sweta lake, kwenye ngozi ya tumbo lake. Alishtuka kwa baridi yake lakini hakuitoa. Saima alimtazama utosini, pale nywele zilipoanza kuchanganyika na mvi angali na miaka thelathini na sita tu, akataka kumpiga, na akataka kulala palepale asiamke.

Ndipo Harlan akaeleza. Asubuhi ile mzee Urho Kangas, babake Saima, alikuja kiwanjani. Hakuja kwa ugomvi safari hii, na hilo ndilo lililomvunja Harlan nguvu. Ugomvi alikuwa ameuzoea. Alishaambiwa mezani, mbele ya shangazi wawili, kwamba mwanamume anayekuja kuposa na nyumba ya kitambaa anatafuta kiwanja cha mtu, si mke, kwa sababu kiwanja hiki Saima aliachiwa na mama yake. Usiku uleule alihamia kwenye trela, akaapa hatalala tena chini ya paa la mzee mpaka aezeke lake. Nyumba aliyoianza ilikuwa na sakafu na mifupa ya kuta. Paa bado.

Lakini leo mzee alisimama pale na kofia mkononi. Alisema mkewe alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Alisema Saima mwenyewe alilazwa na homa ya mapafu majira ya baridi yaliyopita, siku kumi na moja, na tangu mwezi wa kumi kila jioni anarudi kutoka kwenye hilo turubai akikohoa, anajifungia bafuni ili asisikike. Kisha akauliza swali moja: kama Harlan anampenda, anamngoja azikwe?

"Nilimwambia nitaondoka leo," Harlan alisema. "Nikiwa hapa utakuja. Nisipokuwepo hutakuja. Ni hesabu nyepesi."

"Na mimi niko wapi kwenye hesabu yenu?"

"Saima..."

"Hapana, nataka kujua. Baba kasema, wewe umekubali. Mmeniuza na kuninunua kabla ya saa nne asubuhi, na mimi niko shuleni nakoroga supu ya watoto."

Hakupandisha sauti. Ndiyo maana maneno yalimchoma Harlan. Alitoa miguu yake ndani ya sweta la Harlan, akajifunika blanketi na kugeukia ukuta. Alimsikia anavaa koti. Kwa muda alidhani anaondoka kweli, na roho ikamruka, lakini sauti iliyofuata ilikuwa ya ufagio juu ya paa. Theluji ilikuwa inaanguka kwa kasi ya kutisha. Paa la trela kama lile halikutengenezwa kubeba mzigo. Likilemewa linashuka juu ya walio ndani.

Aliporudi, ndevu zake zilikuwa nyeupe. Alisema hata angetaka kuondoka sasa hawezi. Alijaribu kulikunja trela saa saba mchana, na turubai lilikuwa limeganda likawa kama ubao. Ukilikunja linakatika.

"Kwa hiyo ni turubai ndilo lililokuzuia," Saima alisema.

Harlan alikaa kitandani upande wa pili, magoti yao yakikaribia kugusana kwenye kinjia chembamba kilicho kati ya vitanda. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa upepo peke yake.

"Nilipoona limeganda nilishukuru Mungu," alisema. "Nilikaa hapa nikashukuru kama mjinga. Hilo pia ni kweli."

Saima alifungua mfuko, akatoa maandazi makubwa ya nyama na viazi aliyooka alfajiri, akampa moja. Walikula. Upepo ulilisukuma turubai ndani na kulivuta nje, kama kifua cha mgonjwa. Simu zao hazikushika mtandao. Barabara, walijua bila kuambizana, ilikuwa imekwisha fungwa.

Yapata saa tatu usiku feni ya hita ilianza kusuasua. Sauti yake ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Harlan alinyanyua kichwa. Saima naye alinyanyua kichwa. Wote wawili walisikiliza kama wazazi wanaosikiliza mtoto mwenye homa. Kisha feni ikanyamaza, na hita nayo ikajizima.

"Betri," Harlan alisema. "Baridi imeila."

Alikuwa na jiko dogo jingine la gesi, lile analotumia kukaushia gundi kazini, lenye moto wa wazi. Aliomba waliwashe kwa muda mfupi tu. Saima alikubali kwa sharti kwamba zipu za madirisha mawili zifunguliwe upana wa kiganja, kwa sababu moto wa namna ile hula hewa na kumlaza mtu moja kwa moja. Kijijini kwao walishazikwa wawindaji wawili waliokutwa kwenye trela lililozibwa vizuri, wamekaa kama wanaosubiri kahawa. Kwa hiyo joto liliingia huku likitokea kule, na Harlan alikaa macho yake yakihama kati ya ule moto na taa ndogo ya kijani ya kengele ya hewa ya sumu ukutani. Baada ya robo saa alilizima. Hakutaka kusinzia likiwaka.

Aliijaza chupa ya mpira maji ya moto, akaiweka miguuni pa Saima. Akampa blanketi zake zote mbili. Saima alipomuuliza yeye atajifunika nini, alisema koti. Saima akamwambia aache ushujaa aje alale hapa, na akaja, akalala upande wa turubai, mgongo wake ukiwa ukuta wa pili. Pumzi zao zilipanda, zikaganda juu ya kitambaa na kuwa chembe nyeupe zilizowadondokea usoni.

Hapo kikohozi kilimjia Saima. Alijaribu kukimeza kama alivyozoea kukimeza bafuni kwa baba yake. Hakikumezeka. Kilimkunja katikati, kikamwacha, kikamrudia. Kila alipovuta pumzi kitu kilifanya mluzi ndani ya kifua, mluzi aliokuwa anaufahamu vizuri mno. Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyoanza mwaka jana.

"Baba yako alisema kweli," Harlan alinong'ona.

"Baba yangu huwa anasema kweli nusu."

"Saima, sikiliza. Nina betri moja nzima. Iko kwenye pikapu." Aliinuka kwa kiwiko. Gizani Saima hakumwona uso. "Nikiifunga hapa, hita itafanya kazi mpaka asubuhi. Lakini nikiitoa kule na baridi hii, injini itaganda, haitawaka tena mpaka aje mtu wa kuisaidia. Ukizidiwa usiku sina gari la kukutoa. Nikiiacha, tunaweza kujaribu barabara sasa hivi, na tukikwama njiani..." Hakumalizia. "Asubuhi niliamua peke yangu. Sasa sitaki. Niambie wewe."

Saima alilala akiusikiliza ule mluzi. Aliwaza barabara, mtaro uliolimeza gari lake mchana kweupe, na maili kumi na nne hadi hospitali. Aliwaza mama yake, jinsi alivyokuwa anasema hajambo mpaka siku ile hakusema tena. Alikuwa anaogopa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaogopa, wala baba yake.

"Naogopa sana," alisema.

"Najua. Hata mimi."

"Itoe."

Harlan alitoka na tochi mdomoni. Saima alihesabu. Alisikia kifuniko cha injini kikinyanyuka, kisha chuma kikigonga chuma, kisha hakusikia chochote ila upepo. Alihesabu hadi mia tatu. Alianza upya. Alipofika mia mbili hamsini bila kusikia kitu alikwisha kaa kitandani, soksi mkononi, tayari kumfuata, na ndipo zipu ya mlango ikafunguka na Harlan akaingia amekumbatia betri kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni. Vidole vilikuwa vimekataa kukunjika. Nati moja ilikuwa imeganda, alieleza, akaipumulia kwa mdomo mpaka ikalegea. Ngozi ya mdomo wa chini ilikuwa imechunika.

Ilibidi Saima ndiye afunge nyaya. Harlan alimmulikia na kumwelekeza, huu hapa, ule pale, usiziache zigusane. Feni ilikohoa mara moja. Ikashika. Hewa ya joto ikatoka pale chini ikawapiga magotini, na Saima akaanza kulia bila sauti, akaendelea kulia huku akivichukua vidole vya Harlan kimoja kimoja na kuviweka kwapani mwake.

"Nikiondoka mahali tena," Harlan alisema, meno yakigongana, "utakuwa umekaa kiti cha mbele, au siendi."

"Usiniapie. Baba anasema unaapa sana."

"Basi siapi. Nakwambia tu."

Hawakulala. Kila saa Harlan alitoka kusukuma theluji, na kila aliporudi aliweka sikio mgongoni pa Saima kusikiliza. Karibu na mapambazuko alisema mluzi umepungua. Saima alidhani anamfariji. Kisha naye akausikiliza, na kweli ulikuwa umepungua.

Trekta lilisikika kabla jua halijatokeza. Lilikuja likisukuma theluji kwa bamba lake, si kwa mwendo wa kawaida wa mzee Urho ambaye hata misibani huendesha polepole, bali kwa kasi, likiruka. Lilisimama. Mlango wa trela ukavutwa kwa nguvu hadi zipu ikalia, na mzee akaingia mzimamzima, koti na barafu yake.

Saima hakuwahi kumwona baba yake na uso ule. Haukuwa na damu. Baadaye alielewa: mzee aliliona gari mtaroni, tupu, nyayo zimefunikwa, akawa amelifukua kwa mikono na kupiga kelele jina lake msituni tangu saa kumi alfajiri.

Mzee alipenya kile kinjia, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya mablanketi na kuishika miguu ya binti yake. Aliishika hivyohivyo kwa muda mrefu.

"Ina joto," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ina joto, Baba."

Alikaa kwenye sakafu, mgongo kwenye kabati. Kwa mara ya kwanza alitazama mle ndani. Aliona mahali Saima alipolala, blanketi tatu na matambara. Aliona upande wa pili, koti peke yake, limeshikana na turubai kwa barafu. Akamtazama Harlan, mdomo wake na vidole vyake.

"Hita inatumia nini?" aliuliza.

"Betri ya pikapu, mzee."

"Kwa hiyo pikapu haitembei."

"Haitembei."

"Uliniambia utaondoka jana."

"Nilisema. Nilikosea kukuambia wewe kabla ya kumwambia yeye." Harlan alikuwa amesimama ameinamisha shingo, kwa sababu paa halikumruhusu kusimama wima. "Siondoki, mzee. Akiniambia yeye niondoke, nitaondoka."

Mzee alimgeukia binti yake. Saima alijua kwamba hili ndilo alilokuwa akilikwepa tangu mwezi wa kumi, na kwamba hakuna kikohozi kitakachomwokoa asiliseme.

"Leo nitakwenda kwa daktari, Baba. Utanipeleka wewe, na Harlan atakuja nasi. Nitakunywa dawa zote. Lakini huyu ndiye mume wangu nitakayekuwa naye, kwenye kitambaa au kwenye matofali. Ukitaka kunilinda, nilinde nikiwa naye. Usinilinde kwa kumwondoa."

Mzee Urho alivua kofia. Aliigeuza mkononi, akaivaa tena. Alisema mama yake Saima naye alikuwa na kichwa hicho hicho kigumu, na hakusema kwa ubaya. Kisha akauliza, kama fundi anavyomuuliza fundi, baridi inaingilia wapi hasa.

"Chini," Harlan alisema. "Upepo unapita chini ya sakafu. Huku juu nimeziba."

"Hukuzungushia kitu chini?"

"Sikuwa na kitu cha kuzungushia."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko, akatoka. Saima alidhani ndiyo amekwenda zake. Alifungua zipu ya dirisha kidogo, akachungulia. Baba yake alikuwa nyuma ya trekta, kwenye kitoroli kilichojaa marobota ya majani makavu ya ng'ombe, mzigo aliokuwa ameupakia jana na asiufikishe popote. Alikuwa amekwisha teremsha robota la kwanza na kulisukuma kwa goti chini ya ubavu wa trela, palipokuwa wazi.

Harlan alitoka kumsaidia. Mzee hakumkaribisha wala hakumkataza. Walipanga robota juu ya robota, mmoja mzito na mkimya, mwingine na vidole visivyokunjika, mpaka ubavu mzima ukazibwa. Saima alihisi tofauti sakafuni kabla hawajamaliza, kana kwamba mtu amefunga mlango nyumba ya jirani.

Walipofika mwisho mzee aliegemea trekta, akipumua. Alitazama mifupa ya nyumba isiyo na paa iliyosimama nyuma yao, theluji imejaa ndani yake. Alisema Jumamosi, upepo ukitulia, atakuja na nyundo yake.

"Na leo usiku," aliongeza, bila kumtazama mtu, "kipima joto kikishuka chini ya sifuri tena, mtakuja kulala nyumbani. Nyinyi wawili. Sitarudia kusema."

Harlan alifungua mdomo, na Saima, pale dirishani, alijua anataka kusema nini, kile kiapo chake cha paa. Alimtazama. Harlan naye akamtazama. Akaufunga mdomo, akainama kuchukua robota lililobaki ambalo halikuwa na kazi tena, akalikumbatia uso umezama kwenye majani, akakaa hivyo kidogo.

"Tutakuja, mzee," alisema ndani ya majani.